Mdomo, Mate na Damu: Jinsi Wavutaji Walivyoulizwa na Kupimwa

Mwaka 1948, katika hospitali 20 za jiji la London, maofisa wa ustawi wa jamii walianza kupita wodini na karatasi za maswali. Walimwendea mgonjwa aliyelazwa kwa saratani ya mapafu, wakamuuliza: umewahi kuvuta? Ulianza ukiwa na miaka mingapi? Kwa siku sigara ngapi? Uliwahi kuacha? Kisha wakamtafuta mgonjwa mwingine, wa jinsia ileile na rika lilelile, aliyelazwa kwa maradhi mengine, wakamuuliza yaleyale. Hakuna aliyetolewa damu wala kuombwa mkojo kwa ajili ya maswali hayo. Kilichoandikwa ni kile mgonjwa alichokisema.

Waliosimamia kazi hiyo ni daktari Richard Doll na mtakwimu Austin Bradford Hill. Doll mwenyewe alikuwa akivuta, na mwanzoni alidhani saratani ya mapafu inaongezeka kwa sababu ya magari au lami ya barabarani. Matokeo yalipochapishwa Septemba 1950, kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiowahi kuvuta walikuwa 2 tu. Kati ya wanaume 649 waliolinganishwa nao, walikuwa 27. Doll alikuwa ameshaacha sigara kabla utafiti haujakamilika.

Lakini jengo lote hilo lilisimama juu ya kauli za wagonjwa, na wawili hao walijua kwamba swali la kama kauli hizo ni za kweli halitakwepeka. Walilijibu kwa njia mbili, na ya pili bado inanifurahisha kila ninapoisoma.

Ya kwanza ilikuwa rahisi: waliwarudia wagonjwa 50 baada ya miezi sita au zaidi, wakawauliza upya. Majibu hayakufanana neno kwa neno, ila yalikaribiana vya kutosha. Ya pili ilitokana na makosa ya madaktari. Katika waliohojiwa kama wagonjwa wa saratani ya mapafu, walikuwamo ambao uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa hawana saratani hiyo. Siku ya mahojiano, mhoji aliamini kwamba anaongea na mgonjwa wa saratani. Kama hofu ya mgonjwa au imani ya mhoji ndiyo iliyokuwa ikikuza idadi ya sigara, majibu ya watu hawa yangelingana na ya wagonjwa wa kweli. Hayakulingana. Yalifanana na ya wale waliolazwa kwa maradhi mengine. Bila tone la damu, kauli za wagonjwa zilikuwa zimepimwa na zikapita.

Zama nazo ziliwasaidia. Wakati ule, wanaume 8 hivi kati ya 10 nchini Uingereza walikuwa wakitumia tumbaku, na daktari aliweza kuwasha sigara mbele ya mgonjwa bila mtu kushtuka. Hakukuwa na aibu ya kuficha. Mtu huficha jambo anapojua kwamba anayemuuliza atamkunjia uso.

Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa barua rasmi. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London kilitoa ripoti yake dhidi ya uvutaji. Januari 11, 1964, siku ya Jumamosi, mganga mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, akatoa yake. Tangu hapo sigara ikawa kosa la kiafya, na daktari aliyekuwa akiuliza tu akawa anauliza na kushauri. Miaka ya 1970 ilipofika, kulikuwa na miradi mikubwa ya kuwasaidia watu waache, na kila mradi ulitaka kujua wangapi wameacha. Hapo ndipo mdomo ulipoanza kutiliwa shaka.

Mfano mkubwa ni utafiti uliojulikana kwa kifupi kama MRFIT, ulioanza nchini Marekani mwaka 1973 ukiwa na wanaume 12,866 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Nusu yao waliachiwa madaktari wao wa kawaida. Nusu nyingine waliitwa mara kwa mara, wakashauriwa, wakafuatiliwa na kuhimizwa kuacha sigara. Kisha wote wakaulizwa kama wamewahi kuvuta siku za karibuni, na damu yao ikapimwa. Damu ilipunguza idadi ya walioacha katika makundi yote mawili, ila ilipunguza zaidi katika kundi lililoshauriwa. Haishangazi. Mwanamume aliyekaa na mshauri mwaka mzima, wakafahamiana hadi kuulizana habari za watoto, anaona tabu kumwambia kwamba jana alivuta tatu. Anayesema uongo hapa hana nia mbaya. Anamwonea mwenzake haya.

Kilichopimwa katika damu hiyo ni thiosianati. Moshi wa sigara una sianidi kidogo, na mwili, hasa ini, huigeuza kuwa thiosianati ili isiudhuru. Thiosianati hukaa mwilini kwa muda. Hupungua kwa nusu katika wiki mbili hivi. Kwa mtafiti hiyo ilikuwa faida, maana aliyevuta wiki iliyopita hawezi kujisafisha kwa kulala usiku mmoja. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi na cha bei nafuu.

Kasoro yake tunaijua vizuri sisi wa ukanda huu kuliko waliokibuni. Sianidi haitoki kwenye moshi peke yake. Mihogo michungu inayo, na isipolowekwa au kuanikwa ipasavyo, sehemu ya sianidi hiyo humfikia mlaji. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, kaskazini mwa Tanzania, watu walianza kupooza miguu ghafla, wengi wao watoto na wanawake. Ugonjwa huo unaitwa konzo; ulikuwa umeshaonekana Congo na Msumbiji, na daktari Hans Rosling wa Sweden, aliyekuja kujulikana sana kwa takwimu zake, ni miongoni mwa walioufuatilia kwa miaka mingi. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoandaliwa haraka kwa sababu ya njaa. Damu za watu wa maeneo yaliyoathirika zilijaa thiosianati. Chukua sasa kipimo cha MRFIT, kipeleke katika kijiji cha aina hiyo: mtoto ambaye hajawahi kushika sigara ataandikwa kuwa mvutaji mkubwa.

Njia nyingine ilikuwa pumzi. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kisha hutoka polepole kupitia mapafuni. Mpimwa huambiwa avute hewa, aibane kwa sekunde 15 hivi, halafu apulize taratibu mpaka mwisho ndani ya bomba la kadibodi lililochomekwa kwenye kifaa cha kushika mkononi. Namba inapanda kwenye kioo mbele yake. Washauri wengi wa kliniki za kuacha sigara wanakipenda kifaa hiki kwa sababu mteja huiona namba yake ikishuka wiki baada ya wiki, na hiyo humtia moyo kuliko hotuba. Ila gesi hiyo haidumu. Hupungua kwa nusu katika saa nne au tano, kwa hiyo aliyejizuia tangu jana asubuhi anaweza kupita bila tatizo. Na aliyeshinda jikoni penye jiko la mkaa na dirisha lililofungwa anaweza kukwama ingawa havuti.

Kipimo kilichokuja kushika usukani kilikuwa kimeshagunduliwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Herbert McKennis na wenzake katika chuo cha tiba cha mjini Richmond, jimbo la Virginia, mji wenye viwanda vya sigara, walifuatilia nikotini inavyogeuzwa mwilini. Waliona kwamba sehemu kubwa hubadilika kuwa kotinini. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu katika saa mbili hivi. Kotinini huchukua saa 16 hadi 20. Kwa hiyo hubaki siku kadhaa kwenye damu, mate na mkojo, na karibu haina chanzo kingine ila nikotini. Kilichokosekana ni njia ya kuipima katika kiasi kidogo sana. Mwaka 1973, John Langone, Hilda Gjika na Helen Van Vunakis wa Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, walichapisha njia ya kuipima kwa kutumia kingamwili na mionzi. Tangu hapo, mate ya kujaza kijiko yakatosha.

Kabla kotinini haijasambaa, mwanasaikolojia Richard Evans wa Houston, Texas, aligundua jambo ambalo maabara pekee isingelifundisha. Yeye na wenzake walikuwa wakichunguza uvutaji miongoni mwa watoto wa shule. Baadhi ya watoto walionyeshwa filamu fupi inayoeleza jinsi wataalamu wanavyoweza kusoma nikotini kwenye mate, kisha wakaombwa watoe mate, na baada ya hapo ndipo wakajaza dodoso. Waliokiri kuvuta wakaongezeka, wakilinganishwa na wale ambao hawakuonyeshwa filamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977. Kipimo kilifanya kazi yake kwa kutajwa tu. Watafiti wa tumbaku wametumia hila hiyo tangu wakati huo, na sina hakika kwamba ni hila safi pale mate yanapotupwa bila kupimwa.

Mwaka 1987 Martin Jarvis na wenzake wa London walivishindanisha vipimo vyote. Walichukua wagonjwa wa nje wa hospitali, zaidi ya 200, wakawauliza kama wanavuta, na papo hapo wakachukua damu, pumzi, mate na mkojo. Kotinini iliibuka ya kwanza: iliwatambua wavutaji 96 hadi 97 kati ya 100, na karibu haikumsingizia asiyevuta. Kaboni monoksaidi ilipata kama 90 kwa 100. Thiosianati ilishika mkia. Na katika waliosema hawavuti, watu 21 walionekana kuwa walikuwa wakificha. Kwa daktari wa kawaida, Jarvis alishauri kutumia kifaa cha pumzi kwa sababu ni rahisi na bei yake ni nafuu.

Basi kotinini ikapewa kiti cha hakimu, na baadhi ya hukumu zake za mwanzo zilikuwa za haraka mno.

Nchini Marekani, tafiti za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha jambo la ajabu. Wavutaji weusi walisema wanavuta sigara chache kuliko wazungu, lakini kotinini yao ilikuwa juu zaidi. Maelezo yaliyokuja upesi kinywani ni kwamba weusi hupunguza hesabu wanapoulizwa. Lilikuwa shauri lisilohitaji kufikiri sana, na liliendana na dharau zilizokuwapo tangu zamani. Eliseo Pérez-Stable na Neal Benowitz wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, hawakuridhika nalo. Waliwachukua wavutaji weusi 40 na wazungu 39, wakawatia kwenye mshipa nikotini na kotinini zilizowekewa alama ya kikemia ili ziweze kutofautishwa na zile za sigara zao, kisha wakafuatilia saa kwa saa jinsi mwili unavyoziondoa. Mwaka 1998 walitoa jibu: miili ya wavutaji weusi iliondoa kotinini polepole zaidi, na kila sigara moja iliwapa nikotini zaidi kwa asilimia 30 hivi. Mtu angeweza kusema kweli tupu kuhusu sigara zake na bado damu yake ingeonekana kumkana. Kosa lilikuwa la msomaji wa damu.

Jambo hilo lilifungua mlango. Ilieleweka kwamba kimeng'enya cha ini kinachoivunja nikotini hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa urithi. Kwa mjamzito, kotinini hupungua kwa nusu katika saa 9 hivi badala ya 17, kwa hiyo namba ya kukatia, yaani kiwango kinachomtenga mvutaji na asiyevuta, inayomfaa mwanamume inaweza kumwachia mjamzito anayevuta apite kama asiyevuta. Namba yenyewe ya kukatia imehamahama: kwa miaka mingi ilikuwa nanogramu 14 au 15 kwa mililita ya damu; mwaka 2009 Benowitz na wenzake, wakitumia takwimu za taifa za Marekani, walipendekeza 3, kwa sababu moshi wa wengine ulikuwa umepungua maofisini na majumbani, na asiyevuta wa siku hizi ana damu safi kuliko wa zamani.

Moshi wa wengine una kisa chake. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha utafiti wa wanawake 91,540 wasiovuta walioolewa. Wake wa wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta. Kampuni za sigara ziliona hatari: ikiwa moshi humuua asiyevuta, sheria za kupiga marufuku uvutaji kwenye majengo zitafuata. Mtakwimu Peter Lee wa Uingereza, aliyekuwa mshauri wa kampuni hizo, akajenga hoja kwamba huenda baadhi ya wake hao walikuwa wavutaji wa siri, na kwa kuwa wavutaji huoana, uongo wao ndio uliozaa tofauti. Hoja haikuwa ya kipuuzi kihesabu. Ila ilikuwa na mwenye kulipa, na ilihitaji waongo wengi kuliko kotinini ilivyowapata. Wakala wa mazingira wa Marekani ulipotoa ripoti yake mwanzoni mwa mwaka 1993, ulikuwa umeshapunguza hesabu kwa ajili ya wavutaji wa siri, na bado ukauweka moshi wa wengine katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Miaka mitatu baadaye, vipimo vya taifa vya Marekani vilionyesha kotinini katika damu za watu 88 kati ya kila 100 wasiotumia tumbaku, ingawa watu wazima waliosema wanaishi na mvutaji au wanakutana na moshi kazini walikuwa kama 37 tu kati ya 100. Hao wengine hawakudanganya. Hawakujua.

Wanaoficha kwa kujua wanapatikana pale gharama ya kukiri ilipo kubwa. Magharibi mwa Scotland, watafiti walipima damu za wajawazito 3,475 na kuzilinganisha na majibu waliyotoa kliniki. Waliokiri kuvuta walikuwa asilimia 24. Damu ilisema 30. Ripoti hiyo ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba wajawazito wapatao 2,400 wanaovuta walikuwa wakipita kila mwaka nchini Scotland bila kujulikana, yaani bila kupewa msaada wa kuacha. Korea Kusini pengo lilikuwa pana zaidi, na lilifuata jinsia. Kwa wanaume, mkojo na mdomo vilikaribiana. Kwa wanawake, waliosema wanavuta walikuwa karibu 6 kati ya 100. Mkojo ulionyesha karibu 14. Huko mwanamke anayevuta hudharauliwa vibaya, mwanamume akitazamwa tu.

Kwetu, tafiti za kitaifa za matumizi ya tumbaku zilizofanyika Uganda mwaka 2013, Kenya 2014 na Tanzania 2018 zilitegemea mdomo. Mhoji alifika nyumbani, mtu mmoja wa kaya akachaguliwa kwa bahati nasibu, akaulizwa. Kenya walipatikana watumiaji asilimia 11.6 ya watu wazima, Tanzania asilimia 8.7. Dodoso hilo lina uzuri wake: linauliza tumbaku ya kuvuta kando na isiyovutwa. Bila hivyo mambo huharibika. Fikiria kijana wa takwimu anayemkuta bibi barazani, akamwamkia shikamoo, akamuuliza kama anavuta. "Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sivuti kabisa," atajibu bibi, na ni kweli, kikopo cha ugoro kiko kwenye pindo la kanga yake. Mate yake yangekuwa na kotinini sawa na ya mvutaji. Vivyo hivyo kwa anayetia tumbaku kwenye tambuu au anayebandika kuberi chini ya mdomo.

Na yupo ambaye hatumii tumbaku kwa namna yoyote. Mkulima wa Urambo au Migori anayevuna majani asubuhi yakiwa na umande hupata nikotini kupitia ngozi. Ikizidi, hutapika na kusikia kizunguzungu, na kotinini yake hupanda. Mtoto anayemsaidia mama yake kutunga majani kwa ajili ya bani, yaani banda la kuyakaushia, naye hubeba alama hiyohiyo. Mtafiti atakayefika huko na vijiti vyake vya mate bila kuuliza kuhusu shamba atarudi na orodha ya wavutaji ambao hawapo.

Wataalamu wa nikotini na tumbaku walipokaa mwaka 2002 kutoa mwongozo, walisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia: katika tafiti kubwa za watu wa kawaida, ambapo mhojiwa hana cha kupoteza, kauli yake inatosha, na fedha za maabara zitumike kwingine. Damu na mate viletwe kwa wajawazito, kwa watoto na kwa majaribio ya tiba za kuacha sigara. Hata huko inabidi kuangalia, kwa sababu anayetumia dawa ya kutafuna yenye nikotini ili aache atakutwa na kotinini ilhali ameshaacha kweli. Kwake hutafutwa anabasini, kemikali iliyomo kwenye tumbaku na haimo kwenye dawa hiyo, au apulize pumzi.

Kwa hiyo ukiombwa mate au mkojo, iwe kliniki, kwa ajili ya bima au katika utafiti, mwambie mpimaji kabla hajaanza: kama unanusa ugoro, kama unatafuna chochote chenye tumbaku, kama umebandika plasta ya nikotini, kama umeshinda shambani au banini. Na akikuuliza sigara peke yake, mtajie hayo mengine hata kama kwenye karatasi yake hayamo.